Ronald McNair: yanayosemwa na yaliyokuwa

Kila ifikapo Januari 28, picha ile ile hurudi mitandaoni: moshi mweupe uliochanuka kama pembe mbili juu ya pwani ya Florida. Ni Challenger, chombo cha anga cha Marekani, kikisambaratika mwaka 1986, sekunde 73 baada ya kuruka. Walikuwemo watu saba, na mmoja wao, Ronald McNair, husimuliwa mengi yasiyo sahihi.

Dhana: Alikuwa mtu mweusi wa kwanza kufika angani.

Ukweli: Arnaldo Tamayo Méndez wa Kuba alitangulia mwaka 1980, kisha Guion Bluford, Mmarekani mweusi wa kwanza, Agosti 1983. McNair alifuata Februari 1984.

Dhana: Alichukuliwa kwa kuwa mweusi tu, ili picha ya kikosi cha wanaanga ipendeze.

Ukweli: Hili linaniuma kuliko yote. McNair alizaliwa mwaka 1950 huko Lake City, South Carolina, enzi za ubaguzi. Mwaka 1959 alikwenda peke yake maktaba ya mji kuazima vitabu vya sayansi. Mkutubi akamwambia watu weusi hawaazimishwi, na asipoondoka ataitiwa polisi. Mtoto akakwea juu ya kaunta, akaketi miguu ikining'inia, akangoja. Polisi wakaja, mama yake naye akaitwa. Kwa masimulizi ya kaka yake, Carl, askari mmoja ndiye aliyemuuliza mkutubi kwa nini asimpe tu mtoto vitabu vyake. Akapewa, na mama akamkumbusha kushukuru.

Mtoto huyo alihitimu fizikia katika chuo kikuu cha North Carolina A&T mwaka 1971, akapata udaktari katika chuo cha MIT mwaka 1976, na utaalamu wake ulikuwa leza. Mwaka 1978 NASA ilichagua watu 35 kati ya maelfu walioomba, naye akiwemo. Kwenye karate alikuwa na mkanda mweusi. Sasa nani atasema alipewa nafasi kwa hisani?

Dhana: Chombo kililipuka na wote wakafa papo hapo.

Ukweli: Moto ule mkubwa ulitoka kwenye mafuta ya tangi la nje lililopasuka. Chombo chenyewe kilivunjwavunjwa na nguvu ya hewa kikiwa katika mwendo mkali. Chumba cha wanaanga kilichomoka, kikaendelea kupanda hadi kilomita 20 hivi, ndipo kikaanguka baharini. Tangu chombo kuvunjika hadi chumba kugonga maji zilipita takriban dakika 2 na sekunde 45. Kati ya vifaa vinne vya hewa ya dharura vilivyopatikana, vitatu vilikuwa vimewashwa, kwa hiyo angalau baadhi yao walikuwa bado hai. Ni jambo zito kulisoma, lakini familia zao zilistahili ukweli huo.

Dhana: Ilikuwa bahati mbaya ambayo hakuna aliyeiona ikija.

Ukweli: Ilionekana. Usiku wa kuamkia safari, wahandisi wa Morton Thiokol, kampuni iliyotengeneza roketi za pembeni, walisihi safari iahirishwe. Walijua kwamba pete za mpira zinazoziba viungo vya roketi hizo hukakamaa kwenye baridi. Wakuu wao wakageuza msimamo, NASA ikarusha asubuhi yenye nyuzi 2 hivi za Selsiasi, na gesi ya moto ikapenya kwenye kiungo cha roketi ya kulia.

Dhana: Saksafoni inayosikika kwenye albamu ya mwanamuziki Mfaransa Jean-Michel Jarre ni ya McNair akipuliza angani.

Ukweli: Saksafoni aliipuliza angani kweli, ila katika safari ya 1984. Kipande cha Jarre alikuwa akipulize katika safari ya pili, ile ambayo haikufika. Kwenye albamu alipuliza Pierre Gossez. Na Aprili 5, 1986, tamasha la Jarre lilipofanyika Houston, mji walikofanyia mazoezi wale saba, nafasi ya McNair ilichukuliwa na Kirk Whalum.