Skripti inayotii mchana na kugoma usiku

Mama mmoja anayeuza dagaa kwa jumla pale Mwaloni, Kirumba, alinipigia simu: "Mwanangu, nakala ya mahesabu sijaiona kwenye flashi wiki nzima." Kompyuta yake, inayotumia mfumo wa Ubuntu, hutunza hesabu za magunia na madeni ya wateja. Kijana aliyemfungia alimwahidi kuwa kila saa nane usiku hesabu zote zingejinakili zenyewe. Mkopo wa dagaa hauna risiti nyingine zaidi ya hilo faili, kwa hiyo nilipanda daladala siku hiyo hiyo.

Nilipoibandika amri ya kunakili kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri), ilifanya kazi bila kusita. Hapo ndipo mafundi wengi huanza kuibadilisha. Naomba usiiguse kwanza. Uliza tu: je, cron, programu inayoendesha amri kwa ratiba, iliiita? Kumbukumbu zake husomwa hivi:

journalctl -u cron

Nikakuta mstari huu ukijirudia kila siku, saa ya kompyuta ikisoma 08:00:

CMD (tar czf /mnt/flashi/hesabu-$(date +)

Mstari mmoja, makosa mawili. La kwanza ni saa. Kijana aliandika 0 8 * * * (dakika 0, saa 8, kila siku) kwa sababu sisi husema saa nane. Cron huanza kuhesabu saa sita usiku, kutoka 0 hadi 23. Saa nane yetu ya usiku kwake ni 2, na 8 yake ni saa mbili asubuhi. Kosa hili nimelikuta mara nyingi mno hapa kwetu, na vitabu vya Wazungu haviwezi kulitaja. Kama umekodi seva ya mbali, mara nyingi inafuata UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma yetu kwa saa 3, hivyo 2 yake inaangukia saa kumi na moja alfajiri ya Mwanza. Amri ya timedatectl itakuonyesha inafuata majira gani.

Kosa la pili ni alama ya asilimia. Amri ilikuwa na date +%F ili jina la faili libebe tarehe. Ndani ya crontab, yaani faili la ratiba, cron huikata amri kwenye % ya kwanza, na kinachofuata hukilisha kwa programu kama maandishi ya kuingiza. Terminali haina sheria hiyo. Ndiyo maana mchana ilitii. Dawa ni kuandika \% au, bora zaidi, kuiweka amri nzima ndani ya skripti, yaani faili la amri, na crontab iite faili hilo tu.

Hata skripti ikiwa safi, cron huiendesha katika mazingira makavu. Haisomi .bashrc yako, faili la mipangilio ya terminali. Kwa kawaida PATH yake, orodha ya folda inamotafuta programu, ni /usr/bin:/bin tu, kwa hiyo programu iliyoko /usr/local/bin haionekani. Gamba lake, yaani programu inayosoma amri, ni /bin/sh, ambalo kwenye Ubuntu na Debian ni dash, nalo haliijui [[ ya bash, gamba la kawaida la terminali. Mimi huyaiga mazingira hayo mchana, nikiwa nimekaa mbele ya mashine:

env -i HOME="$HOME" PATH=/usr/bin:/bin /bin/sh -c /home/duka/nakili.sh

Ikivunjika, unaliona kosa papo hapo badala ya kusubiri usiku mwingine. Na tafadhali, malizia kila mstari wa crontab kwa >> /home/duka/nakili.log 2>&1, ili majibu na makosa yote yaandikwe kwenye faili hilo. Kwenye mashine isiyo na mfumo wa barua, cron hulitupa kosa lote, na hapo unatafuta sindano gizani.

Nilikuwa nafunga begi nilipomuuliza, "Mama, usiku mashine unaiacha inawaka?"

"Hapana mwanangu, nazima nikifunga stoo. Umeme ghali."

Cron haiamki na kulipa deni la saa iliyopita. Nikaifuta ile kazi, nikaandika taima (ratiba) ya systemd, msimamizi wa huduma za Ubuntu, yenye OnCalendar=*-*-* 02:00 na Persistent=true, inayokumbuka zamu iliyokosekana na kuiendesha mashine ikiwashwa. Tarehe niliiacha ndani ya skripti, maana faili za systemd nazo zina masharti yao juu ya %.

Kesho yake alfajiri, kabla malori ya mzigo hayajajipanga, mama aliwasha mashine na kunitumia picha ya flashi: faili moja, lenye tarehe ya siku ile.