Chujio la Udongo: Dhana Zinazomtangulia Anayejitolea Ng'ambo

"Huo ni ujuzi wa Wazungu." Kauli hii haikosi hapa Mombasa kila mtu wa kwetu anapotaja kwamba angependa kwenda nchi ya watu kujitolea kutengeneza machujio ya udongo, yaani vyungu vya kuchujia maji ya kunywa. Chujio la udongo lilibuniwa Guatemala mwaka 1981 na mkemia wa huko, Fernando Mazariegos. Kimbunga Mitch kilipoisambaratisha Nicaragua mwaka 1998, Ron Rivera wa shirika la Potters for Peace alianzisha utengenezaji wake huko, kisha akazunguka nchi baada ya nchi akifundisha watu kuanzisha viwanda vidogo. Alifariki mwaka 2008 kwa malaria aliyoipata Nigeria akiwa kazini. Kijana wa Likoni anayetaka kuifuata njia hiyo haombi cha mtu.

"Chungu ni chungu; anayejua kufinyanga chetezo atalimudu." Hapa ndipo wengi hukwama. Usione vyaelea, vimeundwa. Udongo mkavu husagwa na kuchekechwa, ukachanganywa na unga wa mbao au pumba za mpunga zilizochekechwa vilevile. Mchanganyiko hukandwa kwa maji, ukashindiliwa kwenye kalibu kwa jeki ya lori ili kila chungu kiwe na unene mmoja. Kikishakauka huchomwa tanurini hadi joto la nyuzi 850 au 900 hivi. Unga wa mbao huungua na kuacha vitundu vidogo mno, na hivyo ndivyo vinavyozuia vijidudu. Moto ukipungua, chungu humomonyoka majini. Ukizidi, vitundu huziba. Wala kipimo cha mchanganyiko hakibebwi kwenye begi: udongo wa Nicaragua si wa Pwani, na kila mahali majaribio huanza upya.

Kisha uje mtihani. Chungu hulowekwa usiku kucha, kikajazwa maji pomoni, na baada ya saa moja fundi hutumbukiza kijiti chenye alama aone maji yameshuka kiasi gani. Lita 1 hadi 2 na nusu kwa saa, kimepita. Hicho hupakwa madini ya fedha. Kinachovujisha kwa kasi zaidi huvunjwa papo hapo, hata kiwe kizuri namna gani, kwani maji yanayokimbia hupita na vijidudu vyake. Mgeni aliyetoka mbali akaona chungu alichokishindilia mwenyewe kikivunjwa hununa. Na anune.

"Likichuja, maji ya kisima yatakuwa matamu." La. Mombasa tunalijua hili: visima vingi vya mjini ni vya chumvi, ndiyo maana mikokoteni ya mitungi haiishi barabarani. Chumvi imeyeyuka, hupita chujioni pamoja na maji yenyewe. Naitreti, kemikali inayotoka kwenye vyoo vya shimo jirani na kisima hupita pia. Chujio hufaa kwa bakteria na kwa vijidudu kama amiba. Kwa virusi, nguvu zake ni chache. Kabla ya kulinadi mtaani, anayejitolea aulize kwanza watu wanakunywa maji ya wapi.

"Tukishagawa, tumemaliza." Utafiti wa Kambodia uliotolewa 2007 ulikuta kwamba matumizi yalipungua kwa takriban asilimia 2 kila mwezi, sababu kubwa ikiwa kuvunjika. Mfereji wa plastiki kwenye ndoo inayopokea maji yaliyochujwa nao huvuja, na kuna wanaosugua chungu kwa sabuni, ikaingia vitunduni; kinachotakiwa ni brashi na maji safi tu. Kwa hivyo kiwanda lazima kiuze, kwa bei ya mtu wa kawaida, na vipuri viwe karibu. Wafadhili wakimwaga machujio ya bure, mfinyanzi wa pale atamuuzia nani? Mhasibu mmoja au fundi wa tanuri anayejitolea ni bora kuliko kundi zima linalokuja kushika udongo na kupigwa picha.

"Halipwi, kwa hivyo hahitaji kibali." Kenya, anayejitolea anahitaji kibali cha kazi, au pasi maalumu ikiwa ni kwa muda mfupi. Idhini ya utalii haitoshi. Na wewe unayeondoka Mombasa, uliza sheria ya unakokwenda kabla ya kukata tiketi.