Gratuite ya masomo: vile banasemaka mu Lubumbashi na vile iko

Mu takisi, ku kilio, inje ya kanisa kisha misa, fasi yote hapa Lubumbashi ukitaja gratuite, kusema kusoma primeri bule, unasikia maneno ileile, na bantu banaisema na nguvu sana mpaka hata mwenye kujua ananyamaza. Minaanza na ile inaniuzi zaidi.

"Gratuite ni zawadi ya Fatshi."

Hapana. Prezida Félix Tshisekedi, ule banaitaka Fatshi, njo aliianzisha mu inchi muzima mu septemba 2019, hiyo hatuwezi kumunyima. Lakini ilikuwa deni ya zamani. Katiba ya 18 februari 2006, artikle ya 43, inasema primeri mu masomo ya leta ni ya lazima na ni bule. Sheria ya kulinda mutoto ya 2009 ikarudilia ileile. Mu 2010 leta ikajaribu pole pole, kalasi ya kwanza mpaka ya tatu, na hapa soma muzuri weye mwenye kukaa Lushi: ikaacha Kinshasa na Lubumbashi inje. Kusema, kwa kartasi, mutoto wa mu mugini ya ndani kabisa alipashwa kusoma bule myaka 9 mbele ya mutoto wa Katuba, hapa mu muji! Sasa mutu akikuambia ushukuru, muulize kama yeye anashukurukaka mwenye kumulipa deni kisha myaka 13.

"Kama ni bule, juu ya nini bananiomba feza? Direkteri ni mwizi."

Mara ingine ni mwizi kweli, sitakataa. Lakini bazazi mingi habajue gratuite inafika wapi. Inakamata paka primeri, na paka masomo ya leta pamoja na ile ya makanisa yenye kuwa chini ya leta. Prive haiguse hata kidogo. Na hata mu primeri, makaye, inifomu, viatu, bic, chakula ya saa ine, transpore ya kutoka Ruashi, yote ile inabakia mu mufuko ya muzazi. Mama mwenye kuuzisha makala na eko na batoto batano, kwake ile "bule" iko na bei, na anaijua kupita waziri.

"Masomo ya bapadri ni prive."

Si prive. Mu 1974 Mobutu alinyanganya makanisa masomo yao, kisha akaona leta haiwezi, na mu 1977 wakasainia konvansio: kanisa inachunga, leta inalipa balimu na inaleta programu. Kwa hiyo katoliki, protestanti, kimbangu, islamu, masomo yao ya konvansio ni ya leta sawa ingine, na njo kwenye batoto mingi ba primeri ba Kongo banasomea. Kama masomo ya konvansio inakuomba minervali (feza ya masomo) ya primeri na kusema "siye ni ba kanisa", hiyo ni bongo.

"Balimu ni bavivu, banapenda paka feza ya bazazi."

Hapa minaomba tuvumilie kidogo, juu hii inatoka mbali. Mwanzo ya myaka ya 90 leta ilishindwa kulipa, balimu bakafanya grevi, mwaka ya masomo ikaharibika, na makanisa pamoja na bazazi bakapatana: muzazi ataleta kitu kidogo ya kutia mwalimu moyo, wakati tunangoja leta isimame. Njo ile prime. Ilipashwa kuwa ya muda. Ikakaa karibu myaka 30, na ikakomala, juu ile feza haikubakiaka mu kalasi peke yake, kipande ilikuwa inapanda ku biro ya juu ya leta na ya makanisa, kila mutu na sehemu yake. Sasa mu 2019 wakati banaikata, usifikiri ni mwalimu tu alilia, na ule mwenye kulia zaidi pengine haukumuona hata siku moya na chaki mu mukono.

Alafu kuko balimu bale banaitaka NU na NP, nuvele inite (balimu bapya) na nompeye (benye habalipwe): mutu eko na kalasi, eko na batoto, anafundisha tangu asubui, lakini jina yake haiko ku listi ya mushahara ya leta. Huyu alikuwa anaishi na prime ya bazazi, hana ingine. Na hata mwenye kulipwa, mu muji kama hapa kwetu kwenye bazazi balikuwa banatosha prime ya muzuri, gratuite ilipoingia, kwa wengi mapato yote pamoja ilishuka. Mwalimu wa mu mugini, kwenye prime ilikuwa kidogo sana, hakupoteza mingi. Njo maana grevi ya mu muji inasikika na makelele. Uvivu? Mutu mwenye kufundisha bila mushahara ana majina mingi lakini muvivu haiko ndani.

"Gratuite njo imeharibu nivo ya batoto."

Batoto balijaa, ndiyo. Mamilioni balirudia ao balianza masomo, na madarasa haikujengwa kwa hesabu hiyo, kuko kalasi batoto banaikala tatu tatu ku kiti ya babili na bengine chini. Hiyo ni mubaya na haina mambo ya kuficha. Lakini angalia tarehe. Majaribio ya PASEC, ile inapima batoto ba inchi zenye kusoma kwa Kifransa, ilipita kwetu mu 2019 mbele gratuite haiyaanza, na tayari sehemu kubwa ya batoto ba mwisho wa primeri hawakufikia kipimo, si mu kusoma, si mu hesabu. Na bale balikuwa bazazi banalipia! Nivo ilikuwa imeanguka zamani, tulikuwa tu tunalipa ili tusiione.

"Zamani kila mutoto alisoma, Babeleji na Gécamines balichunga bantu."

Ee, ukikuwa mutoto wa mutumishi. Union Minière, kampuni ya shaba ya wakati ya Babeleji, na Gécamines ya leta yenye kuikamatia nafasi kisha 1967, ilikuwa na masomo na hopitali kwa batoto ba bantu bake, na babu akisimulia anasema kweli. Ila jirani wa pale mutaa ingine, mama wa soko, mulimaji, batoto babo habakuingia ku ile hesabu. Masomo ilikuwa inafwata kazi ya baba, na kazi ilipokwisha nayo ikaisha, myaka ya 90 mushahara ya Gécamines ikakauka, mu 2003 watumishi zaidi ya 10.000 bakaondoshwa na "départ volontaire", kusema kuacha kazi kwa mapenzi yako (mapenzi ya nani, sijue), na batoto babo bakagundua minervali ni nini. Kuhusu Babeleji: primeri ilijaa kweli, lakini juu yake ilikuwa ukuta. Mwanamuke wa kwanza Mukongomani kumaliza sekondere, Sophie Kanza, alimaliza mu 1961, Babeleji bamesha kwenda.

"Sasa mutoto wa masikini na wa tajiri banaanza sawa."

Banaanza, pengine. Lakini mwenye feza alishatosha wake akamupeleka prive, kwa hiyo hata kukutana habakutane, na tangu bazazi benye sauti batoke mu masomo ya leta hakuna mwenye kugonga meza kama choo imeziba. Kisha inakuja kalasi ya 7. Leta yenyewe inaita ya 7 na ya 8 "education de base", kusema ni ya musingi, lakini hapa kwetu bule inaishia ya 6. Mutoto wa komine Kenya, hapa Lubumbashi, anapita mutiani ya mwisho ya primeri na pointi za muzuri, bantu banamumwangia pudre, banapiga vuvuzela, na mu septemba minervali ya 7 inamungoja, mara mingi kwa dola. Baba anahesabu, anaangalia ni nani mukubwa na ni nani mwanaume, na dada njo anabakia ku nyumba. Mukutano ya komite ya bazazi ikiitwa, banazungumuza rangi ya inifomu mpaka saa sita, hii ya kalasi ya 7 hata mutu moya hanyooshe mukono.