Kuhara damu: kweli ni amiba?

Nikiona damu kwenye choo, si ndiyo amiba?
Mara nyingi siyo. Kwetu "amiba" limekuwa jina la kila tumbo linalosokota, na Flagyl, dawa ya amiba, inanunuliwa kama peremende. Kumbe kuhara damu, hasa kwa mtoto, mara nyingi huletwa na bakteria aina ya Shigela, walioitwa hivyo kwa jina la Mjapani Kiyoshi Shiga aliyewagundua mwaka 1897. Amiba si bakteria, ni kimelea cha seli moja, na dawa yake ni nyingine.

Dalili zinatofautiana?
Kiasi, lakini usiape kwazo. Shigela huja kwa kishindo: siku 1 hadi 3 tangu ule au unywe kilichochafuka, homa inapanda, tumbo linakata, unakimbilia chooni kila saa na kutoa makamasi na damu kiasi cha kijiko. Amiba hunyemelea, mara nyingi wiki 2 hadi 4, na wengi hawapati homa.

Maabara wameona vifuko vya amiba (amiba aliyelala ndani ya ganda gumu). Bado una shaka?
Ninayo. Yuko amiba mwingine asiyedhuru, na vifuko vyake kwenye hadubini havitofautiani na vya yule mbaya. Ushahidi wenye nguvu ni amiba hai anayejongea, tumboni mwake mna chembe nyekundu za damu alizozimeza. Huyo hufa upesi, kwa hiyo choo kipimwe kingali cha moto, ndani ya nusu saa. Kikopo ulichojaza alfajiri ukakifikisha saa nne hakitamwonyesha.

Mtoto aanze na dawa gani?
Ya kuandikiwa. Shirika la Afya Duniani linashauri kuanza na antibayotiki ya Shigela, kwa kawaida siprofloksasini kwa siku 3, pamoja na ORS (chumvichumvi ya kurudisha maji mwilini) na zinki. Metronidazoli (ndiyo hiyo Flagyl) hungoja amiba aonekane kama nilivyoeleza, au dawa mbili za bakteria zinazofaa zishindwe. Na akiwa kweli na amiba, baada ya metronidazoli kuna dawa ya pili ya kumaliza vifuko vilivyobaki utumboni. Iulizie, husahaulika. Vidonge vya kufunga tumbo asipewe kabisa.

Maji nimeshatia klorini, yatosha?
Kwa Shigela, ndiyo. Vifuko vya amiba huivumilia klorini ya kawaida, hivyo yachemshe.