Gari linalojiendesha: kuona hakutoshi

Wengi huamini kwamba gari linalojiendesha likishaona kila kitu, kazi imekwisha. Liongezewe kamera na rada, basi. Sivyo. Lazima pia likisie huyo aliyeonekana atafanya nini sekunde chache zijazo.

Ajali ya Tempe, Arizona, Machi 2018, inaonyesha pengo hilo. Gari la majaribio la Uber lilimgonga na kumuua mwanamke aliyekuwa akivuka barabara usiku huku akisukuma baiskeli. Wachunguzi wa Marekani walibaini kuwa rada ilimnasa sekunde 5.6 kabla ya kugongwa, muda wa kutosha kabisa kufunga breki. Lakini programu ilimtambua mara kama gari, mara kitu kisichojulikana, mara baiskeli, na kila ilipobadili jibu ilitupa kumbukumbu ya mwendo wake. Haikung'amua mapema kwamba anakatiza njia. Macho yalikuwepo, kilichokosekana ni kubashiri.

Wapo pia wanaodhani kubashiri nia ni kusoma mawazo. Ni hesabu ya uwezekano tu. Mwaka 2015, mradi wa Brain4Cars wa watafiti wa vyuo vikuu vya Cornell na Stanford, Marekani, ulijaribu kubashiri nia ya binadamu aliye kwenye usukani: uliunganisha kamera inayomtazama dereva, nyingine inayotazama barabara, ramani na mwendokasi. Shingo ikigeukia upande, uwezekano wa kuhama njia unapanda. Mfumo uliweza kubashiri sekunde 3.5 kabla ya tendo lenyewe, ingawa ulikosea pia: dereva naye hugeuka kupiga soga na abiria wake.