Tiba ya mwanga kwa waliovaa waya za meno: maswali na majibu

Tiba ya mwanga ni nini hasa?

Ni kumulika fizi na mfupa ulioshika jino kwa mwanga hafifu wa leza au wa taa za LED. Haukati wala hauunguzi; wengi hawahisi chochote, au huhisi joto kidogo tu. Unaotumika zaidi ni mwekundu, pamoja na ule wa infraredi ambao jicho haliuoni, wenye mawimbi ya nanomita 600 hadi 1,000 hivi. Ndani ya seli, kwenye mitokondria, kuna kimeng'enya kinachofyonza mwanga huo, na seli ikishaupata hutengeneza nishati zaidi. Mwaka 1967 mjini Budapest, daktari Endre Mester aliwanyoa panya manyoya na kuwamulika kwa leza hafifu, akakuta manyoya yao yanaota upesi kuliko ya panya wasiomulikwa. Tiba hii ilianzia hapo.

Mwenye waya anaihitaji ya nini? Si meno yananyooka tu?

Yananyooka, ila kinywa nacho kinataabika. Kila braketi, yaani kile kipande kidogo kinachogandishwa kwenye jino kushika waya, ina kingo ambako chakula hunasa na ukoga hujijenga. Bakteria wa ukoga hula sukari na kutoa asidi, na pH (kipimo cha asidi, ambacho hushuka asidi inapozidi) ikishuka chini ya 5.5 hivi, enameli, tabaka gumu la nje la jino, huanza kupoteza madini. Fizi huvimba na kutoa damu. Kuna maumivu kila waya inapokazwa, na vidonda pale chuma kinaposugua shavu. Mwanga hausaidii yote haya kwa kiwango kimoja, na ni muhimu ujue unasaidia wapi kabla hujatoa pesa yako.

Unapunguza maumivu ya kukazwa waya?

Kwa wengi, ndiyo, kwa kiasi. Maumivu haya huanza saa chache baada ya kukaza, hufika kileleni baada ya saa 24 hivi, kisha hupungua na kuisha ndani ya wiki. Tafiti kadhaa zilizolinganisha leza halisi na ya kuigiza zimeona waliomulikwa kwa leza halisi wakipata maumivu madogo kuliko wenzao siku hizo za mwanzo. Nyingi zilikuwa na washiriki wachache, na kila moja ilitumia kipimo chake cha mwanga, kwa hiyo usitarajie muujiza. Chakula laini na parasetamoli kwa kipimo kilichoandikwa bado vina nafasi yake. Kwa kidonda cha shavuni, funika kwanza chuma kinachosugua kwa nta ya meno, la sivyo utatibu kidonda huku kinachimbwa upya.

Na fizi zinazovuja damu?

Kuna njia mbili, tusizichanganye. Ya kwanza ni mwanga mwekundu au wa infraredi wenyewe, unaotuliza uvimbe. Ya pili ni ya kuua bakteria: daktari hupaka rangi maalumu, kwa mfano methilini bluu, inayonata kwa bakteria, kisha humulika kwa mwanga unaolingana na rangi hiyo. Rangi ikipokea mwanga penye oksijeni huzalisha molekuli kali zinazowaharibu bakteria. Njia hii hufanywa kliniki, na hufuata usafishaji wa meno. Haiwi badala yake. Hata bakteria wakifa, ukoga wenyewe hubaki umeng'ang'ania jino mpaka ukwanguliwe. Nasisitiza hili kwa sababu fizi zikitoa damu, wengi huogopa na kuacha kupiga mswaki mahali hapo. Tafadhali usiache. Mara nyingi damu hiyo ni dalili kwamba ukoga umebaki pale.

Madoa meupe je?

Mwanga huu hauyafuti. Siku braketi zinapotolewa, ndipo wengine huona katikati ya jino kipande chenye rangi yake ya kawaida, kimezungukwa na ukanda mweupe kama chaki. Hapo enameli imepoteza madini, na hali hiyo inaweza kuanza ndani ya wiki nne tu za kuvaa waya. Kinga yake ni floridi na mswaki. Tumia dawa ya meno yenye floridi ya ppm (sehemu kwa milioni) 1,350 hadi 1,500. Anza juu ya waya, mswaki ukiwa umeinamia chini kuelekea braketi. Kisha nenda chini ya waya, uuelekeze juu. Maliza kwa kibrashi chembamba unachokipenyeza chini ya waya, kati ya braketi na braketi. Tema povu, usisukutue kwa maji papo hapo, floridi ipate kukaa.

Nimeambiwa mwanga utanimalizia matibabu kwa nusu ya muda.

Usilipe kwa ahadi hiyo. Jino husogea kwa sababu seli fulani hula mfupa upande mmoja na nyingine hujenga upande wa pili, na kazi hiyo haiendi haraka. Baadhi ya majaribio yameona mwanga ukiongeza kasi, mengine hayakuona tofauti. Kinachojulikana kurefusha matibabu ni kukosa miadi na kubandua braketi mara kwa mara kwa kutafuna vitu vigumu.

Ule mwanga wa bluu niliomulikwa siku ya kuwekewa waya ndio huu?

Hapana. Ule hugandisha gundi ya braketi. Taa za kung'arisha meno nazo ni jambo jingine kabisa, na ungoje zitolewe waya kwanza, kwa sababu dawa ya kung'arisha haifiki chini ya braketi na utabaki na jino la rangi mbili.

Nani awe mwangalifu?

Leza ikitumika, wewe na anayekutibu mvae miwani ya kinga inayofaa mwanga huo. Mweleze daktari kama una mimba, au unatumia dawa zinazofanya ngozi idhurike upesi na mwanga, mfano doksisaiklini. Kidonda cha mdomoni kilichokaa zaidi ya wiki mbili, au uvimbe usioeleweka, usimulikwe. Kichunguzwe kwanza, kwa kuwa kinaweza kuwa saratani. Na ukitaka kununua kifaa cha nyumbani, mwonyeshe daktari anayekukaza waya maelezo yake kabla hujakiwasha: urefu wa mawimbi, nguvu, na dakika za kumulika.