Mkuo, ulimi na nguruwe

Ukiutazama mkuo mdogo wa dhahabu, yaani kipande cha madini kilichoyeyushwa kikamiminwa kwenye kalibu na kuganda, mrefu na mwembamba, unaona kwa nini mtu angeuita ulimi. Wafaransa huuita "lingot", na ulimi kwa Kilatini ni "lingua". Wengi huamini mambo yameishia hapo: neno lilizaliwa na ulimi, Wahispania na Wareno wakalifanya "lingote", Waitalia "lingotto", Waingereza wakadondosha L wakabaki na "ingot".

Kumbe kamusi zenyewe hazijaafikiana. Zipo zinazoshikilia ulimi, na zipo zinazosema safari ilikwenda kinyume: "ingot" ilitoka Uingereza, ikabandikwa ile "l'" ambayo Wafaransa hutanguliza mbele ya nomino, kisha wakasahau kuwa haikuwa yake. Si ajabu kwao. Mmea wao "lierre" ulikuwa "ierre". Nasi tumefanya kama hayo: ki- ya "kitabu" ni ya Kiarabu tangu asili, lakini tuliichukua kama kiambishi tukapata "vitabu".

Mimi naegemea upande wa pili, kwa sababu ya Chaucer, mshairi wa Kiingereza. Mwishoni mwa karne ya 14 alisimulia habari za tapeli anayejifanya kugeuza madini mengine kuwa madini ya fedha. Tapeli huyo anachukua chaki, anaichonga iwe "ingot", halafu anamiminia humo madini yaliyoyeyuka. Yaani ingot yenyewe ni kalibu, mahali pa kumiminia, si kitu chenye umbo la ulimi! Jina likaja kuhamia kwenye kinachotoka ndani yake. Na kumimina ndiko kunakoonekana kwa majirani pia: Wasweden husema "gjuta", yaani kusubu au kumimina kwenye kalibu, na mkuo wa chuma cha pua kwao ni "göt". Hata "slitok" ya Kirusi inatokana na kumimina.

Dhana nyingine ni kwamba neno hili ni la dhahabu tu. Shaba, alumini na chuma cha pua vyote husubiwa hivyo. Chuma ghafi ndicho kilichopewa na Waingereza jina ambalo mhunzi wa Pwani asingelichagua: nguruwe. Chuma kilitiririka kwenye mfereji mkuu mchangani, kikaingia vijitawi vya pembeni, mithili ya watoto wanaonyonya kwa mama yao. Kwa Warusi nao, "chushka" ni nguruwe na ni mkuo.

Wala mkuo si lazima ufanane na tofali. Meli iliyozama Uluburun, Uturuki, zaidi ya miaka 3,300 iliyopita, ilibeba takriban tani 10 za shaba, sehemu kubwa ikiwa mikuo yenye pembe nne zilizochomoza kama ngozi ya ng'ombe iliyotandazwa. Na huko Katanga, Kongo, shaba ilisubiwa kwa umbo la msalaba, ikatumika kama pesa.